Kontrola inasema betri imejaa saa nne asubuhi, saa tatu usiku inakata

Mkuu, umesema una betri ya maji ya volti 12, AH 200 (AH ni ampia-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani), paneli moja ya sola ya wati 150 na kontrola, yaani kifaa kinachosimamia chaji, ya aina rahisi ya PWM. Usikimbilie kununua betri nyingine. Ukiifunga kwenye mfumo huo huo nayo itakufa vilevile, maana tatizo ni kwamba betri haishibi.

Piga hesabu. Betri ya AH 200 inataka ichajiwe kwa asilimia 10 hivi ya ukubwa wake, yaani ampia 20. Paneli ya wati 150 kwenye jua la utosini inatoa kama ampia 8. Kwa siku nzuri utavuna AH 40 hivi, na si zote zinabaki ndani. TV, taa na inveta zikila 40 kila usiku, deni halilipiki. Betri ikishinda nusu tupu wiki kwa wiki, sulfati iliyoko kwenye sahani zake (mabamba ya risasi ya ndani) inaganda na haiyeyuki tena kirahisi. Hapo ukichaji volti zinapanda upesi, ukitumia zinaanguka upesi. Ndiyo hiyo "imejaa" ya saa nne: volti zimefika, umeme haumo.

Kwa hiyo paneli zifike wati 350 hadi 400, na kontrola iwe ya ampia 30. Ukibaki na PWM chukua paneli za seli 36. Zile kubwa za seli 60 au 72 zinataka kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampia, la sivyo nguvu nyingi inapotea bure.

Sasa waya wa kutoka kontrola kwenda betri, ambao mafundi wengi wanaudharau. Kontrola inapima volti kwenye skrubu zake yenyewe, haijui betri imepata nini. Waya wa 2.5 mm² ukiwa na umbali wa mita 2 (kwenda na kurudi ni mita 4) unapoteza karibu volti 0.6 ukipitisha ampia 20. Kontrola inaona 14.4, betri inapata 13.8, na 13.8 haiijazi betri ya maji kwa siku moja. Weka wa 16 mm², upotevu unashuka chini ya 0.1. Saa sita mchana pima kwa multimita pande zote mbili, utaona mwenyewe.

Mipangilio ya kontrola: ichaji kwa volti 14.4 hadi 14.8, ikae hapo mpaka ampia zinazoingia zishuke kufikia 2 hadi 4, ndipo iende kwenye kutunza, 13.5 hivi. Betri ya gel isizidi 14.4. Chumba cha betri kikiwa na joto la nyuzi 35, punguza volti 0.2 hadi 0.3. Na kontrola nyingi zinakuja zikikata umeme betri ikifika volti 11.1, hiyo ni chini mno, ipandishe iwe 11.8 au 12.

Kuhusu betri yako ya sasa, tafuta haidromita, kipimo cha uzito wa tindikali. Vyumba vyote sita vya betri vikisoma karibu sawa, tuseme 1.20, bado ina matumaini: ichaji siku mbili tatu bila kuitumia, kisha ipe volti 15 hadi 15.5 kwa saa mbili au tatu. Zima na uchomoe kwanza kila kitu kinachotumia umeme wake, fungua madirisha, moto usisogee, kwa sababu inatoa gesi ya haidrojeni. Betri kavu, ile iliyozibwa isiyoongezwa maji, usiifanyie hivyo kabisa. Chumba kimoja kikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.03 hata baada ya zoezi hilo, hicho kimekufa.

Maji yakipungua ongeza maji safi ya betri tu, na uongeze ikishajaa chaji. Sahani zikiwa wazi, zifunike kidogo kabla ya kuchaji. Tindikali usiongeze. Kinachopotea ni maji, tindikali inabaki ndani. Ukiiongeza haidromita itakudanganya na sahani zitaliwa.

Ukirudisha waya, anza na betri, paneli mwisho. Leta namba za vyumba sita hapa tuziangalie.