Jibu: Tamasha la Kijapani pale St. Louis, niende na watoto?

Dada, umeuliza kama tamasha la Kijapani kwenye bustani ya mimea ya Missouri linafaa kwa watoto wadogo. Linafaa sana, ila jiandae kwa joto. Hufanyika wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba, na jua la St. Louis wakati huo lina unyevu kama Dar mwezi Machi. Beba kofia na maji.

Watoto watapenda ngoma za taiko. Usiwaweke mbele kabisa, maana zile ngoma zinapigwa hadi kifua kinatetemeka! Kuna na mieleka ya sumo. Wangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi lakini hunivuta bon odori. Watu wanacheza kwa kuzunguka duara, mgeni anaruhusiwa kuingia, unafuatisha tu mikono ya aliye mbele yako. Asili yake ni kuwakumbuka wazee waliotangulia, kwa hiyo si burudani tupu. Mtu wa kwetu aliyezoea ngoma za duara hapati shida.

Halafu msiondoke bila kuingia Seiwa-en, bustani ya Kijapani yenyewe. Ni ekari 14, ilibuniwa na Koichi Kawana ikafunguliwa 1977. Kuna ziwa, na samaki wa koi wananyanyua midomo kuomba chakula. Kigari cha mtoto kinapita, ila yale mawe ya kukanyagia majini mshike mkono.