Ukame ukikaza, usipeleke mnadani ng'ombe asiyeweza kurudi nyumbani

Wakuu habari za huko. Kila ukame ukianza kunukia, vijana wafugaji wa huku kwetu Longido, mpakani na Kenya, na wale wa Simanjiro na Monduli, wananiuliza swali lile lile, tuuze ng'ombe sasa hivi au tusubiri mvua? Leo najibu kwa urefu. Mi nimekua nikiswaga ng'ombe wa baba kwenda mnadani na mpaka leo nauza na kununua, kwa hiyo haya ni mambo niliyoyaona kwa macho.

Jibu langu ni kwamba uza mapema, na mpeleke mnadani ng'ombe ambaye bei ikikataa anaweza kugeuza na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Ukishampeleka asiyeweza kurudi, we sio muuzaji tena, unaomba tu, na mnunuzi analijua hilo kabla hujafungua mdomo.

Nikueleze anavyolijua. Mnunuzi wa Dar au wa Arusha mjini akiingia uwanjani haanzi na bei. Anakusalimia vizuri kabisa, anakuuliza mmetoka wapi, mmelala wapi njiani, maji mmepata? Wewe unadhani ni salamu, kumbe anapima umbali. Huku anaongea mkono wake uko kwenye nundu, anaibonyeza aone imebaki nyama au imekuwa ngozi inayoyumba, anavuta ngozi ya mbavuni, anaangalia nyonga, anasogea nyuma aone mkia kama umejichafua kwa kuhara. Alafu anampiga kofi dogo mgongoni ili atembee. Hatua nne tano zinamtosha. Anataja bei ya chini, unakataa, anaondoka zake kwenda kunywa chai. Hana haraka. Anajua saa nane mchana jua litakuwa limewachosha ng'ombe na wewe pia, na fuso lake haliondoki mpaka lijaze.

Nilishamuona mzee mmoja kaja na jike kubwa, lilikuwa zuri sana enzi zake unaona kabisa kwa umbo. Asubuhi alitajiwa bei akasema hapana, na ilikuwa haki yake kusema hapana. Mchana lile jike likapiga magoti, likalala pale pale uwanjani. Mnunuzi yule yule akarudi, akasimama, akasema kwa upole tu, "Baba, huyu nitampandishaje kwenye gari?" Bei ya pili haikufika hata nusu ya ile ya asubuhi na mzee akaipokea, maana angefanyaje, nyumbani ni mwendo wa siku nzima na maji hakuna njiani. Mi iliniuma sana. Na yule mnunuzi hakuwa mtu mbaya, kweli ng'ombe aliyelala akipakiwa na wenzake wanamkanyaga njiani anafika amekufa.

Sasa kwa nini bei inaporomoka kwa kasi hivyo? Wengi wanasema ni madalali. Madalali wana yao, nitayasema, ila sababu kubwa ni kwamba wote tunauza wiki ile ile. Boma lako likiishiwa majani na la jirani limeishiwa, la kule Ketumbeine nalo limeishiwa, wote tunakutana uwanja mmoja. Na sisi wa mpakani tuna mzigo mwingine, ukame haujui mpaka wa Namanga uko wapi. Kenya ilipokosa mvua misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 walikufa mifugo zaidi ya milioni 2.5 upande wao, na wanunuzi tuliozoea kuwategemea wavushe ng'ombe wetu nao walikuwa wamejaa wakondefu wao wenyewe. Wakati huo huo mahindi yanapanda. Mimi naona hesabu ya mfugaji sio shilingi, ni ng'ombe mmoja ananipa magunia mangapi. Mwaka mzuri ng'ombe mmoja ananunua mahindi ya familia miezi na miezi, mwaka mbaya unauza watatu na debe halijai. Ukifuatilia bei ya ng'ombe peke yake utachelewa, fuatilia zote mbili, siku ukiona magunia yanapungua mnada kwa mnada ujue mlango unafungwa.

Tarehe ni muhimu kuliko bei. Sisi tunategemea vuli za Oktoba mpaka Desemba na masika za Machi mpaka Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri kabla ya kila msimu, usikilize, na pia uangalie alalili, lile eneo la majani tunalolifunga kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Vuli zikipita bila kitu na alalili mmeshaifungua Desemba, msisubiri Februari. Januari ng'ombe bado ana nyama mgongoni. Najua moyo unasema mvua itanyesha wiki ijayo, na kweli kuna mwaka inanyesha. Ila ukiuza sehemu mapema na mvua ikanyesha umepoteza kidogo, usipouza na mvua ikakataa umepoteza boma. Wazee wa huku mnakumbuka 2008 na 2009, mabonde yalinuka mizoga, mpaka serikali ikaja kugawa ng'ombe wa kifuta machozi Longido, Monduli na Ngorongoro. Watu waliokuwa na mamia walipokea wachache.

Wengine watasema nitanunua majani. Sawa, piga hesabu kwanza. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 hivi, ili aishi tu sio anenepe, anataka kilo kama 5 za majani makavu kwa siku. Ukiwa nao 30 hizo ni kilo 150, yaani marobota 10 ya kilo 15 kila siku. Miezi miwili ni marobota 600. Tuseme robota ni 5,000 mpaka likufikie, hiyo ni milioni 3, na kwenye ukame robota halibaki 5,000. Sasa uza 8 mapema wakiwa bado wana sura, wanabaki 22, marobota yanashuka mpaka 440 na hela ya kuyanunua umeipata kwa wale 8. Hao 8 wamewalisha wenzao. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu anasema "nimepunguza ng'ombe" kwa huzuni kama msiba, hujapunguza, umewaokoa waliobaki.

Nani aende? Maksai na madume ya ziada kwanza, hao hawakupi ndama na wanakula kuliko wote. Kisha majike wazee ambao meno yameisha, na wale waliokaa misimu miwili hawajashika mimba. Mitamba, yaani majike ambao bado hawajazaa, na majike vijana usiguse mpaka mwisho kabisa, na dume bora mmoja au wawili. Wengi wanafanya kinyume, wanapeleka mtamba kwa sababu ndiye anayepata bei haraka, wanabaki na vikongwe vinavyokufa mvua ya kwanza. Mtamba ndiye boma lako la miaka mitano ijayo.

Kabla hujaswaga, mpime. Minada mingine ina mizani na ukiikuta itumie, ila mingi bado tunauza kwa macho, na kwa macho mnunuzi anatushinda maana kazi yake ni hiyo kila siku. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungushia kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, alafu pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa nyuma pembeni ya mkia, kwa sentimita. Kifua mara kifua mara urefu, gawanya kwa 10,840, unapata kilo. Kifua 140 na urefu 120 inakupa kilo kama 217. Ni makadirio lakini yanakutoa gizani. Ng'ombe mwenye afya karibu nusu ya uzito ni nyama, aliyekonda inashuka asilimia 40 au chini, kwa hiyo huyo wa 217 mnunuzi kichwani anaona nyama kilo 85 hivi. Mpigie mtu simu mjini ukajue bucha wanauzaje kilo, toa usafiri, ushuru, machinjio na faida yake. Bei inayobaki ndiyo ya kweli, chini ya hapo unanyonywa na juu ya hapo unajidanganya, utashinda juani bure.

Siku ya mnada fika jana yake. Ng'ombe walale karibu, wanywe, wapumzike, asubuhi waingie wamesimama vizuri. Sisemi uwalambishe chumvi ili wanywe mpaka tumbo lijae kama ngoma, wanunuzi wote wanaujua mchezo huo na ukigundulika hata ng'ombe wako mzuri wanamtilia shaka. Vibali na hereni za utambulisho za masikioni viwe tayari, ushuru uliza nani analipa kabla hamjapeana mikono. Dalali mkubaliane ujira wake mbele ya shahidi na simama naye wakati anaongea na mnunuzi, maana cha juu kinaliwa pale unapoenda kununua soda. Hela ikitumwa kwa simu usiachie kamba kwa sababu ya meseji, angalia salio mwenyewe. Na usipeleke wote siku moja, peleka wanne watano mnada huu na wengine unaofuata, ila wasipite wakati wao. Kingine, ukame unakusanya ng'ombe kwenye maji machache na magonjwa yanatembea, ukitokea ugonjwa wa miguu na midomo wanatangaza karantini, mnada unafungwa na wewe uliyekuwa unasubiri bei unabaki nao.

Sasa upande wa pili, wewe mwenye majani, au uko karibu na mashudu ya pamba na pumba, unayetaka kununua wakati wenzako wanauza. Hakuna dhambi, unamsaidia muuzaji kama unalipa bei ya haki. Kule wanakonadiwa kwa sauti, kama mifugo iliyokamatwa au ya ranchi, dau lako la mwisho liandike nyumbani na usilipite hata kwa elfu kumi, maana kuna watu wamewekwa kupandisha tu na ukishaingia ushindani na mtu kichwa kinapata moto. Mfungue mdomo umri uone, jozi ya kwanza ya meno makubwa inatoka karibu miaka miwili, yakitimia manane yuko minne mitano. Msikilize anavyopumua, anayekohoa na kunyoosha shingo muache, homa ya mapafu itakumalizia wa nyumbani. Uliowanunua wakae peke yao wiki tatu nne kabla hujawachanganya. Na wa kuvuka mpaka bila vibali usiguse kabisa, mnakumbuka 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wenzetu wa Kenya walikamatwa Kilimanjaro na serikali ikawapiga mnada. Mfugaji wa upande wowote akisikia habari hiyo tumbo linamshika.

Hela ya mauzo nayo ina miguu. Nunua mahindi siku hiyo hiyo kabla hujafika nyumbani, lipia majani na dawa ya minyoo, kiasi kingine weka mbuzi kama kuna vichaka vya kuwalisha, mbuzi anabeba mimba miezi mitano tu na ukame anauvumilia kuliko ng'ombe. Inayobaki weka benki au vikoba, usiitembeze mfukoni.

Kazi ngumu kuliko yote ni kuongea na mzee. Ng'ombe wa boma sio wako peke yako, kuna wa mama, kuna wa mdogo wako wa mahari, kuna wa rafiki wa baba wamewekwa tu. Kijana akienda kwa baba yake kusema tuuze wanane wakati majani bado yanaonekana anaonekana anataka hela ya mjini. Mimi nachofanya naenda na hesabu ya marobota, naenda nayo jioni wakati ng'ombe wanaingia, tunawaangalia mmoja mmoja pamoja, na namuuliza yeye, "Baba, yupi kati ya hawa hatafika Machi?" Wazee wetu wanawajua ng'ombe kuliko futi kamba. Anawanyooshea fimbo mwenyewe, na waliochaguliwa na fimbo ya mzee hakuna wa kuwabishia.

Mvua ikinyesha usilegee. Wakondefu wengi wanakufa wiki ya kwanza ya mvua, baridi inawakuta hawana mafuta mwilini na majani machanga yanawaharisha, kwa hiyo waliodhoofu wafunike usiku, wape majani makavu kidogo kabla ya kutoka asubuhi, na hela ya kununua mitamba itulize mpaka hiyo wiki ipite.