Je, kumweleza jirani dhiki yangu ni kukosa subira?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mjane wa hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni. Mume wangu alifariki mwaka jana, eda nimeshamaliza. Nina presha na sukari. Wanangu wako Mombasa, hunitumia pesa, Mungu awabariki. Siku hizi sitoki, na majirani wakipiga hodi huwaambia nimelala. Daktari kaniambia nisikae peke yangu. Lakini Nabii Yaaqub alisema: "Hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu." Basi kwa nini niwabebeshe watu mzigo wangu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe afya.

Aya uliyoitaja ni ya 86 katika Sura Yusuf. Nakuomba usiishie hapo, soma na ya 87. Yaaqub huyo huyo, hajamaliza kumshitakia Mola wake, anawaambia wanawe: "Enyi wanangu! Nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu." Mzee aliyelia mpaka macho yakaingia weupe, bado anawatuma watu wamsaidie. Tena anawatuma wale wale waliomtia msiba. Kilichokatazwa ni kulalamika juu ya kadari ya Mola, useme kwa nini mimi. Kumwambia jirani "leo nimemkumbuka marehemu, njoo tukae" hakumo katika hayo kabisa.

Bibi Aisha (r.a.), kukifiwa kwao, wanawake wakishatawanyika wakabaki watu wa nyumbani na wa karibu, aliamuru ipikwe talbina, yaani uji wa shayiri, akawaambia waule. Alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa huo huutuliza moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Wameipokea Bukhari na Muslim. Angalia neno "baadhi". Hakuna aliyeahidi kuwa huzuni yote itaondoka. Lakini mfiwa alipikiwa, na akala na wenziwe.

Mama yangu mzazi alipofiwa, shoga zake walikuja kila alasiri kusuka ukili ukumbini. Sikuwasikia wakimpa mawaidha. Walisuka, wakanywa kahawa, na yeye akawa anakula, kwa sababu wao walikuwa wanakula.

Daktari wako kasema kweli. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 148, zenye watu zaidi ya 308,000, wakaona wenye uhusiano imara na watu wana nafasi ya kubaki hai iliyo kubwa kwa asilimia 50 kuliko wasio nao. Dhiki ikikaa kifuani muda mrefu, mwili hutoa homoni zinazopandisha presha na sukari. Na sukari ikikushuka usiku, nani atakuwekea chai tamu mkononi?

Ama kuwa mzigo, Mtume (s.a.w.) aliwaambia wanawake wa Kiislamu, jirani asidharau cha jirani yake hata kikiwa ni kwato ya mbuzi. Jirani akisimama mlangoni na sahani iliyofunikwa kawa, ukamwambia umelala na ilhali u macho, umemnyima thawabu, na umesema uongo. Hilo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Pokea sahani. Ukiirudisha, tia hata tende mbili.

Si lazima kila mtu ajue yako. Mchague mmoja anayesitiri, ambaye neno lako halitafika harusini. Kesho baada ya alasiri fungua mlango, ukae naye nusu saa tu.

Wanao nao wasomee jibu hili. Mtume (s.a.w.) amesema anayependa kukunjuliwa riziki yake na kurefushiwa umri wake basi aunge udugu. Pesa wanazotuma ni wema mkubwa, lakini mama anataka pia kusikia sauti. Wakupigie simu kila siku, na likizo waje Amu.

Dawa zako usiache hata siku moja. Wallahu aalam.