Nyimbo nne, nakala 1,000: ushauri kwa bendi changa

Wanaoniuliza habari za kuanzisha bendi karibu wote huanza na studio. Studio ipi nzuri, prodyuza anachukua kiasi gani, video ipigwe wapi. Mimi hupiga besi hapa Manchester, katika bendi ya watu wenye ajira zao za mchana, na huwajibu kwamba kabla ya studio watafute ukumbi. Kisha nawaambia wasome habari za Buzzcocks, maana mwaka wa kwanza wa bendi ile unafundisha kazi hii kuliko kozi nyingi ninazoona zikiuzwa mtandaoni.

Kwa msiowafahamu, Buzzcocks ni vijana wa hapa hapa waliochukua kasi na kelele za panki, aina ya roki kali, wakaitilia melodia tamu na maneno ya mapenzi yanayouma. Mtu aliyelelewa na taarabu akielezwa mashairi ya mtunzi wao Pete Shelley atayatambua maumivu hayo mara moja, hata kama magitaa yatamkera. Bendi nyingi za pop panki zilizofuata, za Uingereza na za Marekani, zinakula matunda ya mti ule.

Waanzilishi wake, Howard Devoto na Shelley, walikuwa wanafunzi katika chuo cha ufundi cha Bolton, kaskazini-magharibi mwa Manchester. Devoto alibandika tangazo ubaoni akitafuta wapiga muziki, Shelley akajitokeza. Februari 1976 wakasoma gazetini habari ya shoo ya Sex Pistols, bendi ya panki ya London, wakaazima gari, wakateremka kusini mwa Uingereza na kuwaona usiku mbili mfululizo. Wengi wetu tungerudi nyumbani na kusimulia tu. Wao waliwaalika wale jamaa waje Manchester, wakakodi Lesser Free Trade Hall, ukumbi mdogo wa ghorofani katika jengo la Free Trade Hall, mtaa wa Peter Street, tarehe 4 Juni 1976. Kiingilio kilikuwa peni 50.

Nia yao ilikuwa wafungue shoo wao wenyewe. Lakini siku ilipofika hawakuwa na mpiga besi wala mpiga ngoma. Badala ya kuahirisha, walichukua bendi nyingine ya Bolton ifungue, na Shelley akakaa mlangoni kukusanya pesa.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo ninayowapa vijana kila mara. Bendi haikuwa tayari, shoo ikawepo. Waliohudhuria hawakuwa wengi, watu kama 40 hivi, ila kati yao alikuwepo Morrissey, aliyekuja kuwa mwimbaji wa The Smiths, na walikuwepo Bernard Sumner na Peter Hook, ambao baadaye waliunda bendi ya Joy Division. Kesho yake Hook alikwenda kununua besi. Pale nje alikuwepo pia kijana mmoja, Steve Diggle, aliyekuwa akimsubiri mtu mwingine kabisa. Malcolm McLaren, meneja wa Sex Pistols, akadhani huyo ndiye mpiga besi anayetafutwa, akamwingiza ndani na kumkabidhi kwa Shelley. Tarehe 20 Julai Sex Pistols walirudi ukumbi ule ule, na safari hii Buzzcocks walipanda jukwaani, Diggle akiwa kwenye besi na John Maher, mvulana wa miaka 16, kwenye ngoma.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: alikeni bendi iliyo bora kuliko yenu, kodini chumba, kaeni mlangoni wenyewe. Hapa baa nyingi zina chumba juu, na siku za katikati ya wiki mwenye baa hutoza kidogo akijua watu watakunywa. Kwenu labda ni ukumbi wa jamii au mgahawa unaofungwa mapema. Sisi hatumpi promota mlango wetu. Anayekaa mlangoni ndiye anayeona nani amekuja na wenzake na nani amekuja peke yake, nani ameuliza bendi inaanza saa ngapi, nani ameondoka mapema. Wekeni daftari, ombeni majina na namba za simu. Orodha hiyo ndiyo nimeona ikitusaidia kuliko tangazo lolote la kulipia.

Sasa pesa. Mwisho wa mwaka ule Buzzcocks walikopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki, baba yake Shelley akiwa mmoja wao. Tarehe 28 Desemba 1976 wakaingia studio ya Indigo hapa Manchester na prodyuza Martin Hannett, wakarekodi nyimbo nne kwa siku moja. Wakaunda lebo yao, New Hormones, na mwishoni mwa Januari 1977 ikatoka santuri yao ya kwanza, Spiral Scratch, nakala 1,000. Wakati huo bendi ya Manchester iliyotaka santuri ilitazamiwa ifunge safari kwenda kubisha hodi kwa kampuni za London. Hawa walichapisha wenyewe. Nakala zile zilikwisha upesi, wakachapisha nyingine, na jumla ikafika kama 16,000.

Msitazame 16,000. Tazameni 1,000. Ilikuwa hesabu ya deni linalolipika, kazi ndogo iliyokamilika: nyimbo nne, jalada, lebo, mwisho. Bendi nyingi ninazozijua zina albamu ya nyimbo kumi na mbili iliyokwama kwenye kompyuta ya mtu. Santuri yetu ya kwanza ililipiwa na mchezo, yaani upatu, wa akina mama wa Kiswahili wa hapa mjini. Shangazi yangu alinipa zamu yake, akaniambia jina lake liandikwe mstari wa juu kabisa kwenye daftari la madeni. Kabla ya kuzipokea zile pesa tulijiuliza kama tungeweza kuzirudisha kutoka kwenye mishahara yetu hata isipouzwa nakala moja. Jibu likiwa hapana, punguzeni idadi ya nakala au punguzeni nyimbo, msiongeze mkopo.

Jalada la Spiral Scratch lina jambo ninalolipenda sana. Chini ya jina la kila wimbo wameandika ulirekodiwa mara ya ngapi: mmoja ni jaribio la tatu bila nyongeza yoyote, nyingine tatu ni jaribio la kwanza lililoongezewa gitaa. Yaani wamemfungulia msikilizaji jiko lote. Na ndani yake kuna wimbo ambao solo yake ya gitaa ni noti mbili tu, zinarudiwa na kurudiwa. (Gitaa la Shelley enzi zile lilikuwa la bei chee, limevunjika kipande cha juu, naye akaendelea kulipiga hivyo hivyo.) Kijana aliyenunua ile santuri alijua kabisa kwamba na yeye anaweza. Nanyi andikeni: studio ilikuwa ya nani, mlilipa kiasi gani, mlirekodi kwa muda wa saa ngapi. Bendi ndogo inayoficha gharama zake haimsaidii mtu, hata yenyewe.

Kisha likatokea lile ambalo huvunja bendi nyingi. Wiki chache baada ya santuri kutoka, Devoto, mwimbaji na uso wa bendi, alijitoa. Alirudi kwenye masomo, na baadaye akaunda bendi nyingine, Magazine. Waliobaki hawakutangaza nafasi ya mwimbaji. Shelley alichukua maikrofoni, Diggle akaacha besi akashika gitaa, wakamtafuta mpiga besi, na Mei 1977 walikuwa kwenye ziara na The Clash, bendi nyingine ya panki. Sauti nyembamba ya Shelley, ambayo huenda hakuna ambaye angeichagua kwenye usaili, ndiyo iliyokuja kuwa alama yao.

Hili linawezekana pale tu ambapo kila mtu anaujua wimbo mzima na si kipande chake. Mwimbaji wetu alipopangiwa zamu za usiku kazini, shoo ziliendelea kwa sababu tulikuwa na desturi ya kubadilishana vyombo mwisho wa mazoezi, kwa mzaha mwingi na makosa ya kuchekesha. Fanyeni hivyo hata kama mnapendana kama ndugu. Watu huhama, huoa, huzaa, hupata kazi Birmingham.

Kuhusu mkataba nitasema machache. Buzzcocks walisaini na kampuni ya santuri ya United Artists tarehe 16 Agosti 1977, siku aliyokufa Elvis Presley. Walikwenda mezani wakiwa tayari wameuza santuri yao wenyewe, na wakapata haki ya kuamua wenyewe mambo ya muziki wao. Singo yao ya kwanza chini ya kampuni hiyo ilikataliwa kupigwa na BBC kwa sababu ya maneno yake, lakini ilitoka. Mwaka uliofuata wakatoa albamu mbili, na wimbo mmoja wa Shelley ukafika nafasi ya 12 katika chati ya Uingereza.

Mkiletewa karatasi, msisaini siku hiyo hiyo, hata kama mletaji amewanunulia chakula. Sisi tuliletewa moja iliyotaka haki za nyimbo tulizokuwa bado hatujazitunga. Walio Uingereza wajiunge na Musicians' Union, chama cha wanamuziki, ambao huwasomea wanachama mikataba kabla ya kusaini. Walio Tanzania wasajili nyimbo zao COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huko, kabla ya kikao chochote na lebo, na walio Kenya watafute mwanasheria anayejua hakimiliki, hata kwa kuchangishana. Na tarehe ya kumalizika kwa mkataba iandikwe kwa tarakimu.