Mweka hazina wetu anataka uwakilishi wadi bila chama

SWALI: Assalaam alaikum wakili. Sisi ni kikundi cha wakazi hapa Majengo, Mombasa. Tumesajiliwa, tuna katiba na akaunti ya benki, na kazi yetu ni taka, taa za vichochoroni na kusaidiana kwenye matanga. Tumekubaliana mweka hazina wetu, dada mmoja anayejulikana sana mtaani, awanie uwakilishi wadi 2027 akiwa mgombea huru, maana vyama vimetuchosha. Yeye ni mwalimu wa chekechea ya kaunti. Juzi alipoangalia kwenye simu alijikuta ameandikishwa kuwa mwanachama wa chama ambacho hata ofisi yake haijui. Je, hilo linamzuia? Zile sahihi 500 zinakusanywa vipi? Na twaweza kutumia pesa za kikundi kumfanyia kampeni?
Katibu wa kikundi, Majengo

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu katibu. Kwa sasa hakuna kinachomzuia dada yenu, lakini kuna tarehe mbili zitakazomfungia mlango zikimpita, na zote zinafika kabla bango lolote halijabandikwa ukutani. Wagombea huru wa wadi wanaonijia ofisini na kilio, wengi wao hawakuangushwa na wapiga kura. Waliangukia mezani kwa msimamizi wa uchaguzi, kwa sababu ya karatasi.

Tarehe ya kwanza inahusu kazi yake, na ndiyo nzito. Chekechea ni jukumu la kaunti chini ya Katiba, na mwalimu aliyeajiriwa na kaunti ni mtumishi wa umma. Kifungu cha 193 cha Katiba hakimruhusu mtumishi wa umma kuchaguliwa kuingia bunge la kaunti, na Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamtaka ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Kura itapigwa Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Hesabu miezi sita kurudi nyuma, utakuta mwanzoni mwa Februari. Katika uchaguzi wa 2022, uliofanyika tarehe 9 Agosti, siku ya mwisho ya watumishi kujiuzulu ilikuwa 9 Februari. Mimi nataka barua ya dada yenu iwe imepokelewa na mwajiri kabla Januari haijaisha, ipigwe muhuri wenye tarehe, na nakala abaki nayo yeye. Likizo bila malipo haitoshi. Kumwambia mwalimu mkuu kwa mdomo pia hakutoshi.

Sasa niseme ambalo hamkuniuliza. Mshahara utakatika Februari na matokeo yatatangazwa Agosti. Akishindwa, asitegemee kwamba mwajiri atamwekea nafasi yake. Mkutano wenu ulipompigia makofi, kuna mtu aliyeuliza kodi ya nyumba na karo za watoto zitalipwaje miezi hiyo yote? Kama hakuna, itisheni mkutano mwingine. Angekuwa mwalimu wa madrasa au wa chekechea ya mtu binafsi, sharti hili lisingemgusa, na pengine ndiyo sababu nyuso nyingi tunazoziona kwenye mabango ya wadi ni za wafanyabiashara.

Tarehe ya pili inahusu chama. Kifungu cha 85 cha Katiba kinasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa, na asiwe amewahi kuwa mwanachama katika miezi mitatu inayotangulia siku ya uchaguzi. Kwa 2027 hesabu hiyo inafika 10 Mei. Kujikuta kwenye daftari la chama usichokijua si ajabu tena; Juni 2021 Wakenya wengi walipoanza kuangalia majina yao kwenye mfumo wa Msajili wa Vyama vya Siasa walikutana na jambo hilohilo, na kelele zilisikika nchi nzima. Jina linaweza kuwa lilinakiliwa kutoka orodha ya mchango wa msiba, au daftari la mlangoni ambamo sote tunaandika nambari zetu za kitambulisho bila kuuliza.

Kosa ni la aliyemwandikisha, lakini kazi ya kujiondoa ni yake, na asiiahirishe kwa kudhani kwamba siku ya siku atajieleza. Daftari likisomeka kwamba ni mwanachama, msimamizi hatasikiliza hadithi. Mwambie aingie kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukurasa wa Msajili wa Vyama, ajiuzulu uanachama kisha apige picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Asiishie hapo. Aandike pia barua kwa chama chenyewe na nakala kwa Msajili, kwa sababu Sheria ya Vyama vya Siasa inahesabu kujiuzulu tangu notisi ilipopokelewa. Baada ya wiki chache aangalie tena kama jina limetoka kweli. Nina mteja mmoja aliyejiondoa, akaangalia, akawa salama. Mwezi mmoja baadaye jina lake likatokea kwenye chama kingine. Kwa hiyo aangalie Februari, aangalie Aprili, na aangalie tena wiki ya kwanza ya Mei.

Na ajue watu watamshuku. Kila msimu, walioangushwa kwenye mchujo wa vyama hugeuka kuwa wagombea huru usiku mmoja, tena wengine kwa baraka za chama kilekile. Atakapobisha hodi milangoni, swali la kwanza litakuwa amefukuzwa wapi.

Tuje kwenye sahihi. Katiba inataka aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 walioandikishwa katika wadi husika. Hapa ndipo vikundi vya mtaa hujidanganya. Mtaa wenu ni sehemu tu ya wadi ya Majengo, na wadi hiyo ni moja kati ya tano za Mvita, pamoja na Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka na Shimanzi/Ganjoni. Watu mnaoswali nao, mnaonunua nao mahamri asubuhi na kuzikana nao, wengi wanapigia kura kwingine: mmoja alijiandikisha Likoni alikozaliwa, mwingine Kilifi kwa wazazi, mwingine Kisauni alikokuwa amepanga. Sahihi ya jirani mwema asiyekuwa kwenye daftari la wadi yenu haina uzito wowote. Halafu kuna sharti jingine ambalo tume ya uchaguzi imekuwa ikilisimamia, kwamba wanaomuunga mkono mgombea huru wasiwe wanachama wa vyama. Yaani tatizo lililompata dada yenu linaweza kuwa limewapata nusu ya wale wanaotaka kumsaidia, na hawana habari.

Kwa hiyo msikusanye 500. Kusanyeni 800 au zaidi, halafu mchuje wenyewe. Juzi nililetewa orodha ya wadi nyingine, karatasi zilizolainika kwa jasho na mafuta ya sambusa. Ukurasa wa tatu wote ulikuwa mwandiko wa mtu mmoja, mpaka sahihi, zote zikiinamia kulia. Chini kidogo nambari za vitambulisho zilikuwa pungufu ya tarakimu, na bwana mmoja alionekana mara mbili, kwanza kwa jina lake rasmi, kisha kwa jina analoitwa maskani. Kijana aliyezikusanya alikuwa akilipwa kwa kila jina, basi alileta majina. Wakusanyaji wenu wasilipwe kwa idadi. Kila mtu atie sahihi yake mwenyewe, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari isomwe kutoka kwenye kadi yenyewe na si kichwani, na mhusika ahakikishwe kwenye daftari la wapiga kura kabla ya kupita nyumba inayofuata. Jioni mmoja wenu mwenye subira akae na simu apitie hali ya kila mmoja kuhusu chama.

Mwaka 2022 palikuwa na mvutano kuhusu nakala za vitambulisho vya wanaounga mkono, na Mahakama Kuu ikaliondoa sharti hilo. Fuateni mwongozo ambao tume itatoa kwa 2027 na msitegemee karatasi za mwaka ule. Jambo jingine, orodha yenye majina, nambari za vitambulisho na simu za watu ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Isiachwe dukani kwa mtu ikazagaa. Mkiiacha, mwaka unaofuata ndiyo itakayotumika kuwaandikisha watu kwenye vyama.

Mambo mengine ni mepesi. Shahada ya chuo kikuu haitakiwi kwake. Mwaka 2022 wawaniaji wa wadi hawakudaiwa. Yeye mwenyewe lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa, lakini si lazima awe ameandikishwa katika wadi anayoiwania, ingawa kisiasa nisingependa kuona mgombea asiyeweza kujipigia kura. Alama yake ya kwenye karatasi ya kura aiwasilishe kwa tume angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi, na uteuzi 2022 ulikuwa kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Ada ya wadi ni shilingi 5,000, na kwa mwanamke, kijana au mwenye ulemavu ni nusu yake, 2,500. Kuna fomu ya maadili ya kujaza na kanuni za uchaguzi za kutia sahihi. Akikataliwa na msimamizi bila haki, apeleke malalamiko haraka kwa kamati ya mizozo ya tume, ambayo hupewa siku 10 kuamua.

Kuhusu pesa za kikundi, ushauri wangu ni hapana. Shilingi ya matanga ilichangwa kwa ajili ya matanga, na katiba ya kikundi mliyoitaja bila shaka haikuandikwa kwa ajili ya kampeni. Miongoni mwenu wapo watakaompigia mwingine, na wana haki. Mkizichota, mtakuwa mmempa mpinzani wake hoja ya kwanza: kwamba mweka hazina ameanza kula kabla hajachaguliwa. Ajiuzulu uhazina kwanza, akabidhi vitabu mbele ya wanachama vikiwa vimekaguliwa, na kumbukumbu za mkutano ziandikwe. Anayetaka kumchangia amchangie kwa hiari yake, kwenye akaunti tofauti ya kampeni, na risiti itolewe.

Zaidi ya hapo kuna hatari ya jinai. Kikundi chenu kinafagia taka na kubadilisha balbu. Siku ambayo kijana mmoja wa kampeni atamwambia mama fulani kwamba taa ya kichochoro chake itawaka akitia sahihi, mmeingia kwenye hongo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaadhibu hongo kwa faini isiyozidi shilingi milioni mbili, au kifungo kisichozidi miaka sita, au vyote viwili. Tenganisheni sare, tenganisheni kundi la WhatsApp la mtaa na la kampeni. Na chifu na naibu wake waacheni nje kabisa. Ni watumishi wa umma na hawaruhusiwi kushabikia mgombea.

Mkishamaliza hayo, jiulizeni mnamtuma kufanya nini. Sheria ya Serikali za Kaunti inamkataza mwakilishi wadi kuendesha huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwabana maafisa wanaoitumia. Taka, taa, masoko, zahanati, chekechea na makaburi ni mambo ya kaunti, kwa hiyo anaweza kuyapigania penye bajeti. Polisi, vitambulisho na shule za msingi ni za serikali ya taifa. Nasema haya kwa sababu mtaa unaomzoea mtu akiwalipia maiti chumba cha kuhifadhia na kununua sanda, utamdai hivyohivyo akiwa bungeni, na pesa ya kufanya hivyo hana isipokuwa aitafute mahali asipopaswa kuitafuta. Halafu atakuwa peke yake. Wawakilishi wa vyama wana viranja na kamati zao. Mgombea huru anaingia bunge la wadi 30, bila kuwahesabu walioteuliwa, akianza kuomba urafiki. Wengine wamefaulu. Ila mjue bei yake kabla hamjamtuma.

Siku ya kura, vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kila kituo kina wapiga kura wasiozidi 700, na kila kituo kinahitaji ajenti wake. Ajenti asiondoke mpaka fomu 36A, ile ya matokeo ya kituo, ijazwe, aisome, aitie sahihi, apate nakala na apige picha ile inayobandikwa mlangoni. Majumlisho ya wadi nzima huwa kwenye fomu 36B. Nimeona wagombea waliokuwa na ushahidi midomoni tu, kwa sababu ajenti alikwenda kula saa moja usiku. Kupinga matokeo ya wadi huanzia kwa hakimu mkazi, ndani ya siku 28, na mlalamishi huweka dhamana ya shilingi 100,000 ya gharama za kesi. Bila fomu hizo, mtapoteza na dhamana.

Mengine yana muda wake, lakini kujiondoa kwenye kile chama hakuna sababu ya kungoja. Afanye hivyo wiki hii, na picha ya skrini mwitunze nyie pia, si kwenye simu yake peke yake.