Ukishindwa Kusali Peke Yako, Nenda Jumuiyani

Wengi wetu tuliohamia Dar es Salaam kutoka mikoani tunaijua parokia kwa namna moja tu. Tunawahi Misa ya kwanza ya Jumapili, tunakaa karibu na mlango, tunatoa sadaka, na matangazo yanapoanza kusomwa tayari tuko nje tunatafuta daladala. Misa ni Misa, na anayeishika kila Jumapili amefanya jambo kubwa. Lakini katika kanisa linalojaa watu hadi kwenye maturubai ya nje, paroko, hata awe mchungaji mwema kiasi gani, hawezi kujua kwamba yule mama aliyekaa benchi la mwisho hajalala usiku kucha. Wa kulijua hilo ni majirani, na majirani wa kanisani tunakutana nao jumuiyani, katika kile kikundi kidogo cha Wakatoliki wa mtaa wanaosali pamoja nyumbani kwa nyumba.

Ninaandika haya kama mwanamke aliyemuuguza mume wake nyumbani, huku Kimara, baada ya kiharusi kumwondolea nguvu za upande wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Ushauri wangu ni huu: itafute jumuiya yako ukiwa bado mzima na mambo yako yakiwa shwari, na ukifika wakati ambapo sala imekukauka kinywani, endelea kwenda, hata kama unakwenda kukaa kimya tu.

Utaratibu huu wa jumuiya haukuzuka mitaani wenyewe, wala haukuletwa na padre mmoja mwenye bidii. Maaskofu wa nchi za mashariki mwa Afrika, wakiwa katika shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa katika eneo letu yajengwe juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, mahali ambapo watu wanajuana kwa majina na kwa shida zao. Sinodi ya Afrika, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 1994, ilipolitazama Kanisa kama Familia ya Mungu, sisi tuliokuwa tumezoea kusali kwenye sebule za watu hatukuona jambo geni. Jumuiya ni nyumba za majirani Wakatoliki zilizo chini ya somo mmoja, yaani mtakatifu msimamizi, zikiwa na mwenyekiti, katibu na mhazini. Jumuiya kadhaa hufanya kanda, na kanda zikiungana ndipo unapopata kigango au parokia. Wazee waliokulia enzi za balozi wa nyumba kumi huuelewa muundo huo bila kufundishwa.

Sasa nieleze hilo la sala kukauka, kwa kuwa ndilo linalowaondoa watu wengi kanisani bila kuaga. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo anapata vidonda vya mgongoni na makalioni. Mtu anayeamka saa nane za usiku, saa kumi na saa kumi na mbili, kisha akapika uji, akafua mashuka na kwenda kutafuta riziki, akipiga magoti jioni hasemi neno, anasinzia. Mwanzoni unajilaumu. Baadaye unaanza kuona kwamba Mungu mwenyewe amenyamaza, na hapo ndipo mtu anapoanza kujiambia kwamba atarudi kanisani mambo yakishatulia. Ninachoweza kumwambia mtu wa namna hiyo ni kwamba Kanisa halikumtegemea kila mmoja wetu atunge sala yake kila siku. Zipo Zaburi, na ndani yake ziko zilizotungwa na watu waliochoka kuliko sisi: ya 13 inamwuliza Mungu atamsahau mja wake hata lini, na ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila hata mstari mmoja wa faraja, nayo ikabaki ndani ya Biblia hivyo hivyo. Ipo Rozari, ambayo mikono inaweza kuisali wakati kichwa kimelemewa. Ipo sala ya Malaika wa Bwana ya adhuhuri, ambayo haichukui hata dakika tatu. Chagua moja ulishike, kwa saa moja isiyobadilika, na usijipime kwa machozi wala kwa hisia.

Kisha waachie wengine sehemu iliyobaki. Jumuiya yetu husali Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajaenda sokoni na kwenye vibarua, na nyumba inayopokea hupokezana kwa zamu. Nakumbuka Jumamosi moja umeme ulikuwa umekatika, kumekucha nusu nusu, na mtoto wa mwenye nyumba, wa darasa la nne hivi, alisimama akimmulikia msomaji kwa tochi ya simu; kila aliposinzia mwanga uliteleza kutoka kwenye Injili ukaenda kwenye sufuria za chai, na msomaji, bila kukasirika, alimshika mkono akaurudisha mahali pake. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na mlango ili niwahi kuondoka. Sikutoa nia ya maombi, sikuimba. Walisali, nami nilikuwemo.

Jumuiya nyingi husoma Neno kwa ile njia ya hatua saba iliyotoka kwenye taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Anaalikwa Bwana, linasomwa somo, kisha kila anayetaka huchagua neno au fungu fupi na kulitamka kwa sauti mara tatu, taratibu; hufuata kimya, kushirikishana, kupanga kazi ya kufanya, na sala za papo kwa papo. Kwa mtu aliyechoka, hatua ya tatu na ya nne zina thamani kubwa mno. Huhitaji kuwa na mawazo. Unaweza kusema "msiogope" mara tatu ukanyamaza, na hakuna atakayekudai maelezo. Hatua ya sita nayo ndiyo inayoitofautisha jumuiya na kikundi cha kusoma tu, kwa sababu hapo ndipo mwenyekiti anapouliza: wiki hii nani anaumwa, nani amefiwa, nani hajaonekana, na tunafanya nini?

Swali hilo linapofika, sema shida yako kama ilivyo. Tuna tabia ya kusema "mniombee, ninapita katika majaribu", na watu wanakuombea kweli, lakini hawajui wakusaidie nini. Nilipokuja kusema waziwazi kwamba siwezi kumnyanyua mume wangu kumwingiza bafuni peke yangu, wanaume wawili wa UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, walijipangia zamu bila mkutano wala barua. Mmoja wao alikuwa kinyozi, akawa anamnyoa ndevu huku akimsimulia matokeo ya mpira, naye mume wangu, ambaye neno lilikuwa likimtoka kwa tabu, alikuwa akimpinga kwa kutikisa kichwa. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walikuja na sabuni yao ya kufulia. Sidhani kama jambo lolote lilinirudishia moyo wa kusali kuliko kuziona shuka zile kwenye kamba.

Wakati huohuo mwite padre mapema. Bado kuna familia nyingi zinazoogopa Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa kwa kudhani kwamba ukishatolewa, mgonjwa amekwisha kuagwa, na hivyo padre anaitwa mgonjwa akiwa hajitambui tena. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio ukingoni mwa kifo, na taratibu zake zilirekebishwa mwaka 1972 kufuata mafundisho hayo. Mgonjwa aliyezidiwa, mzee aliyedhoofika, hata anayesubiri upasuaji mkubwa, anaweza kuipokea, na ugonjwa ukizidi anaweza kuipokea tena. Mume wangu aliipokea akiwa na akili zake timamu, akaitikia "Amina" iliyosikika hadi jikoni. Aliishi muda mrefu baada ya hapo. Ni mwenyekiti wa jumuiya aliyepeleka taarifa parokiani, na kwa kawaida ndiyo njia ya haraka, maana jina la mgonjwa linafika likiwa na maelekezo ya nyumba.

Sasa nifike kwenye michango, ambayo hatuipendi kuizungumzia na ambayo, kwa maoni yangu, inawapoteza watu wengi kuliko mafundisho ya uongo. Kuna zaka, kuna ujenzi, kuna tegemeza jimbo, kuna mavuno, kuna rambirambi, kuna kumpongeza padre kwa siku ya somo wake. Yote yana sababu yake. Kanisa halijengwi kwa mate. Lakini mtu aliyeishiwa huanza kwa kukosa mchango mmoja, akaona aibu, akakosa Jumamosi moja, kisha nyingine, na mwisho anasikia kwamba jina lake limesomwa miongoni mwa wadaiwa. Huyo hutamwona tena mpaka siku ya msiba, na siku hiyo watoto wake ndio watakaohangaika kutafuta barua ya jumuiya ili mzazi wao aombewe Misa ya mazishi. Ukiwa katika hali hiyo, usikimbie. Mwone mhazini au katibu kwa faragha, mwambie huna, na kama unaweza toa nguvu zako: kufagia kanisa zamu ya jumuiya inapofika, kupanga viti, kukaa na mgonjwa mwenzako saa mbili ili mkewe apumzike. Katibu wetu wa wakati ule, nilipomweleza, alifunga daftari na kusema, "Dada, wewe njoo usali," nasi hatukulizungumza tena suala hilo. Nanyi viongozi mnaosoma haya, acheni kuwasoma wadaiwa hadharani. Atakayelipa kwa kuona haya ni mmoja. Watakaohama ni kumi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Jumuiya ni watu, na watu wanasema. Si kila jambo la ndani linafaa kutajwa katika nia za Jumamosi, hasa mambo ya ndoa, ya watoto waliopotoka, au ya ugonjwa ambao mwenyewe hajapenda ujulikane. Mambo hayo mpelekee mtu mmoja unayemwamini, mara nyingi mama mtu mzima ambaye hujawahi kumsikia akimteta mtu, au yapeleke katika kitubio, ambako padre amefungwa na siri ya maungamo na hawezi kuyatoa kwa yeyote, kwa sababu yoyote ile. Ukiona jumuiya imegeuka kijiwe cha kuteta watu, zungumza na mwenyekiti, na ikishindikana mwone paroko. Usimalize kwa kuhama kimyakimya.

Vilevile sala haiondoi hospitali. Nimewahi kuwaona watu wakiacha vidonge vya presha kwa sababu wameombewa wakajisikia vizuri, na presha ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi. Dawa ya presha, ya sukari, za kufubaza virusi vya UKIMWI, zote huachwa au kubadilishwa na daktari tu. Na ukiona kukosa usingizi, kulia ovyo au kutamani kufa vinaendelea, mweleze mhudumu wa afya kama ambavyo ungemweleza homa. Kanisa lenyewe linaendesha hospitali na zahanati nchi nzima. Lingekuwa linaamini kwamba sala inatosha, lisingefanya hivyo.

Kwa wale wanaokwenda kufariji, nina ombi dogo kutoka upande wa kitandani. Maneno kama "Mungu ana makusudi yake" au "hujazidiwa, wapo wenye shida kubwa zaidi" yaacheni nyumbani, hata kama mnayaamini. Ingieni, mseme "Tumsifu Yesu Kristo", msalimieni mgonjwa kwanza kabla ya muuguzaji, maana yeye ndiye mwenye nyumba, salini fungu moja la Rozari, zile Salamu Maria kumi, na muulize kama kuna maji ya kuchota. Wakati wa Oktoba, Rozari inapozunguka nyumba kwa nyumba, msiiruke nyumba yenye mgonjwa kwa kudhani mtamsumbua. Njooni tu na watoto wachache na mwimbe kwa sauti ya chini.

Kwa anayeanza, hakuna ugumu wowote. Jumapili ijayo usitoke wakati wa matangazo. Baada ya Misa nenda kwa katekista au ofisi ya parokia, taja mtaa wako na alama ya karibu, nao watakuambia ni jumuiya ipi na nani mwenyekiti. Kama una cheti cha ubatizo au barua ya utambulisho kutoka parokia uliyotoka, ichukue, ila usisubiri kuipata ndipo uende, barua itafuata. Kama unafanya kazi za zamu na Jumamosi asubuhi huwezi, uliza kama ipo jumuiya jirani inayosali jioni katikati ya wiki, kwani katika baadhi ya parokia zipo, na omba upokelewe huko wakati majina yako yakiendelea kubaki kwenye daftari la mtaa unaoishi.