Nilimchagua Mshauri kwa Kuangalia Tai

Juzi Jumatatu, saa tatu usiku, nilikuwa nafunga korosho kwenye pakiti za robo kilo simu ikalia. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa msomaji wangu wa Nachingwea. Ameipiga picha orodha ya washauri wa ofisi moja ya ushauri nasaha: sura tano, na chini ya kila sura mistari miwili mitatu ya elimu na fani. Akaandika: "Dada, mwanangu ana miaka tisa. Tangu baba yake aondoke hataki shule, hataki kucheza, usiku anakojoa kitandani. Nina hela ya vikao vitatu tu. Nimchukue yupi hapa? Naona namba moja ana PhD."

Nilicheka. Halafu nikaziacha pakiti zangu nikaenda kukaa barazani, maana hicho kicheko kilinigeukia. Namba moja wa aina hiyo namjua. Nimempa laki mbili na nusu.

Mnaonisoma hapa wengi wenu tuko safari moja. Unataka jina lako likae kwenye pakiti, mzigo wako ufike Dar, siku moja uvuke maji. Kwa hiyo mnajua mtu wa namna yetu anavyoishi na maumivu: anayafungia stoo, anasema nitayaangalia msimu ukiisha. Mimi niliyafungia mwaka mzima.

Mdogo wangu alikuwa na bodaboda, na ndiye aliyekuwa anasambaza mzigo wangu hapa Mtwara mjini, Shangani, Ligula, mpaka Mikindani. Alifariki kwenye barabara ya Mikindani mwezi Novemba, minada ya korosho ikiwa imepamba moto. Siku ya tano baada ya mazishi nilikuwa nimeshavaa aproni, nimekaa na akina mama wangu tunabangua. Watu wakanisifu. "Huyu mwanamke ni chuma." Nilizipenda zile sifa, sitaki kudanganya.

Ilipofika Machi nikiwa sokoni napima mzigo, moyo ukaanza kukimbia kama unafukuzwa. Mikono ikafa ganzi, kifua kikabana, macho yakaona giza, nikajua leo ndiyo leo. Nikapelekwa hospitali. Presha nzima, sukari nzima, kipimo cha moyo kizuri. Wiki mbili baadaye ikarudi, mara hii nikiwa ndani ya daladala. Shangazi yangu wa Newala akasema hilo si la hospitali. Tulikwenda huko alikotaka yeye, na habari za yule mbuzi mweusi nitazihifadhi kwa siku nyingine. Haikupona.

Aliyenifungua macho ni daktari kijana, nadhani hajafika hata miaka thelathini. Akaniambia, "Mama, moyo wako hauna shida. Hii ni hofu ya ghafla. Inapanda ndani ya dakika chache kisha inashuka yenyewe, hata kama unaona unakufa. Tafuta mtaalamu wa saikolojia." Nilitoka pale nimechukia. Nilisikia kama ameniita kichaa kwa Kiswahili cha adabu.

Mzigo wa Dar ulipopatikana nikapanda basi, nikafikia kwa dada yangu Mbagala Rangi Tatu, na kesho yake nikaenda kwenye ofisi niliyoelekezwa. Sitaitaja. Mapokezi kuna kiyoyozi, kochi, maua ya plastiki, na ukutani picha za washauri sita. Dada wa mapokezi akanipa fomu, akasema nichague.

Sasa oneni akili ya mfanyabiashara. Sikusoma chini ya picha hata mmoja. Nilitazama vyeo. Wa kwanza alikuwa "Dokta", amevaa suti na tai nyekundu, nyuma yake rafu ya vitabu. Wa nne alikuwa mama mmoja wa makamo, kajifunga kilemba, kaandikiwa "muuguzi mstaafu". Nikajisemea, muuguzi nimeacha wengi Ligula, sikupanda basi zaidi ya kilomita mia tano kuja kumfuata muuguzi. Nikamchukua tai nyekundu. Elfu hamsini kwa kikao cha dakika hamsini. Hesabuni wenyewe hizo ni pakiti ngapi.

Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa hali ya ndoa. Niliandika: nimeachika. Ni kweli, niliachika miaka saba kabla, tukagawana vyombo, nikalia wiki mbili, basi. Lakini yule bwana alishika mstari huo kama mvuvi aliyenasa jodari. Kikao cha kwanza, mume wangu. Cha pili, baba yangu na mama yangu walivyoishi. Cha tatu akanichorea duara la ndoa lenye vipande. Nikimwambia habari ya moyo kukimbia, anasema ndiyo, mwili unadai mapenzi. Cha nne, cha tano, hivyo hivyo, kwa muda wa miezi miwili, kila nikipeleka mzigo. Si mtu mbaya, nasema kwa haki. Watu wa ndoa walikuwa wanatoka chumbani kwake wameshikana mikono, niliwaona kwa macho yangu. Ila kila mgonjwa aliyeingia mle kwake alikuwa ndoa.

Baadaye ndipo niliposoma ile karatasi ukutani. Udaktari wake ulikuwa wa utafiti, na utafiti wenyewe ulihusu migogoro ya wanandoa. Ilikuwa imeandikwa pale muda wote, kwa herufi za kusomeka, na mimi nilikuwa naangalia tai.

Sisi watu wa Kusini ndio tulitakiwa kuwa wa mwisho kufanya kosa hili. Nani hapa Mtwara au Lindi anamwita ngariba aje kumfunda mwali? Kungwi ana yake, ngariba ana yake, na hata miongoni mwa makungwi tunajua yupi wa kumfunda mwali na yupi wa kumtuliza bibi harusi aliyeanza kurudi kwao kila wiki. Tukivaa viatu na kupanda ngazi za ofisi tunaisahau elimu hiyo yote, tunasema "mtaalamu ni mtaalamu".

Siku ya kikao cha sita yule dokta alichelewa. Nikiwa kwenye korido, ikanipanda. Nikateleza na ukuta mpaka chini. Nikasikia mtu anakaa sakafuni pembeni yangu, na ni yule mama wa kilemba. Hakuniambia tulia. Aliniuliza, "Miguu yako iko wapi?" Nikashangaa swali. "Iguse sakafu. Ni ya moto au ya baridi?" Ya baridi. "Nitajie vitu vitano unavyoviona." Kochi, ua la plastiki, feni, kiatu chako, mlango. Tukaendelea hivyo mpaka pumzi ikarudi. Halafu akauliza swali ambalo katika vikao vitano vya hela yangu hakuna aliyeniuliza.

"Nani amekufa?"

Nililia mpaka dada wa mapokezi akafunga mlango.

Mama huyo alikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa chumba cha ushauri nasaha na kupima virusi vya ukimwi. Alianza kabla ya mwaka 2004, yaani kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini. Alinisimulia: "Mwanangu, siku zile unampa mtu majibu, dawa huna. Umebaki naye wewe, kiti, na maneno." Alikaa na wajane, na wazee waliozika watoto wote. Akiwa na miaka arobaini na kitu akarudi darasani kusoma saikolojia. Chini ya picha yake imeandikwa: majonzi, hofu, magonjwa ya muda mrefu. Majonzi na hofu, yangu mimi hayo, na nimeyapita mara sita kwenda chumba cha mbele!

Ni kwake yeye nilipotoa ya stoo. Siku ile ya Novemba mdogo wangu aliniambia, "Dada, tairi la nyuma limekwisha, nisubiri kesho." Nikamwambia mteja wa Mikindani hasubiri kesho, nenda tu. Akaenda. Hilo sikumwambia mama yetu, sikumwambia shangazi, sikumwambia yule wa tai. Naliandika hapa leo kwa mara ya kwanza, na mikono inatetemeka kidogo.

Hakunifutia. Angesema "si kosa lako" ningeondoka, maana wote walikuwa wanasema hivyo bila kujua wanasema nini. Alitumia ile tiba ya kulipima wazo kwa ushahidi, ambayo Mmarekani Aaron Beck aliianzisha miaka ya 1960. Akanipa karatasi, akasema andika kila kilichokuwepo siku ile. Mvua. Lori lililosimama bila taa. Tairi. Mdogo wangu mwenyewe, mtu mzima wa miaka ishirini na sita. Mteja. Mimi. Akasema, "Wewe unachambua korosho. Zipange." Basi nikazipanga, kama tunavyotenga nzima, nusu, vipande na zilizoungua. Nilibaki na fungu langu mkononi, dogo kuliko gunia nililokuwa nimebeba. Vikao vya baadaye vingi vilikuwa kwa simu, mimi nikiwa Mtwara, na hivyo sitawachosha navyo: kuandika, kupumua, kusimama kituoni bila kupanda daladala, kisha kupanda vituo viwili.

Cha ushauri sasa. Uliza kabla hujalipa. Uliza, mtu mwenye shida kama yangu umeshakaa naye? Wangapi? Unafanyaje? Ulisomea nini, na kabla ya kusomea ulikuwa unafanya kazi gani? Hili la mwisho msiliruke. Kazi aliyoifanya mtu kabla ya cheti inakuambia ameshaona nini.

Na mjue majina. Daktari wa magonjwa ya akili amesoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka wa mazoezi hospitalini, akaongeza miaka mitatu ya ubingwa; huyu anaandika dawa. Ukiona mtu anasikia sauti zisizokuwepo, au siku nyingi hali wala halali, au anasema anataka kujiua, usihangaike na picha za ukutani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ligula ipo, Sokoine pale Lindi ipo. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa, kazi yake ni mazungumzo na vipimo vya maswali. Afisa ustawi wa jamii, wengi wao wamepita Chuo cha Ustawi wa Jamii kilichoanzishwa mwaka 1973, ndiye wa kumwendea mtoto akitelekezwa, matunzo yakigoma, kipigo kikiingia nyumbani, na ofisi yake ipo halmashauri. "Mshauri nasaha" ni jina pana kama turubai la msiba, linamfunika aliyesoma shahada mbili na aliyekaa semina ya wiki mbili. Ndiyo maana nasema uliza.

Wala msidhani natukuza wasiosoma au nawadharau waliosoma. Kule Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Shida yenyewe Washona, kabila kubwa la huko, wanaiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema "ana mawazo". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hawana PhD, ila wamefundishwa kazi ile moja, na wanaifanya kila siku. Na aliyewafundisha anayo elimu yake.

Halafu wanawake wenzangu, hasa ninyi mnaoitwa chuma. Mnawapigia simu mafundi watatu kabla ya kuezeka banda la kuku. Mnaonja korosho ya kila gunia. Ikifika kichwa chenu wenyewe mnachagua kwa tai! Acheni. Uliza. Na akikasirika kwa kuulizwa, chukua mkoba wako uondoke, kwa sababu atakayekasirikia swali la elimu yake atakusikiliza vipi ukimwambia la tairi? Na ukiona kikao cha tatu hujasikilizwa, sema, omba wa pili. Mimi nilikaa vitano kwa aibu, nikiogopa kumwudhi mtu ambaye nilikuwa namlipa.

Mwezi uliopita nilipeleka kilo mia mbili Dar, mzigo wangu mkubwa kuliko yote, nimekaa dirishani njia nzima. Moyo ulijaribu tulipokuwa tunaikaribia Mikindani. Nikagusa sakafu ya basi kwa miguu, ilikuwa ya moto.

Dada yangu wa Nachingwea, nimeikuza ile picha yako. Namba moja ni wa ndoa, mwache. Namba mbili ni wa ulevi na dawa za kulevya. Namba tano, yule wa kanzu, hajaandika kitu zaidi ya "maisha kwa ujumla". Namba nne ameandikiwa: mwalimu wa shule ya msingi miaka kumi na sita, kisha stashahada ya ushauri, watoto na familia zilizotengana, hutumia michezo na michoro. Mpigie huyo kwanza, umuulize watoto wa miaka tisa wanaokojoa kitandani ameshakaa nao wangapi. Asipopokea asubuhi jaribu jioni, na kabla ya kwenda mpitishe mtoto hospitali wapime mkojo. Ukirudi niambie kamchora nani.